Mzee wa Namba Saba

Kama uliishi Voi katikati ya miaka ya tisini na ukapenda muziki unaokimbia, ulimjua Fawaz Sheikhan. Kama hukumjua, hasara ni yako. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe angekuambia, bila kuona haya.

Duka lake lilikuwa la pili kutoka kona, upande wa stesheni ya reli, lenye mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani. Kazi yake ilikuwa kurekodi kanda. Ulimpelekea kanda tupu, ukamwambia unataka taarabu, au Lingala, au kwaya ya Kidawida, na kesho yake ukaikuta tayari, imeandikwa kwa mwandiko safi wa mtu aliyefunzwa na maalimu mwenye bakora. Watu walimsifu kwa mwandiko ule. Yeye sifa hizo hakuzijali. Taarabu na kwaya zilimwekea unga jikoni, lakini roho yake ilikuwa kwenye jungle.

Jungle, ule muziki ambao baadaye wengine walianza kuuita drum and bass, ni ngoma zinazokwenda mbio kama zimetoroka, na chini yake besi nzito inayojiendea taratibu bila kushughulika na mtu. Ulitoka London. Dadake Fawaz, Firdaus, alikuwa ameolewa huko, na mumewe alikuwa na mazoea ya kupita sokoni Jumapili akinunua santuri zilizotumika. Mara mbili kwa mwaka kifurushi kilifika posta ya Voi, santuri nne au tano zimefungwa ndani ya magazeti na khanga kuukuu, na siku hiyo Fawaz alifunga duka saa nne asubuhi.

Jumamosi saa tisa kikao kilikaa. Alikuwepo Musyimi, fundi wa malori kutoka Miasenyi, aliyekuja na mafuta mpaka kwenye viwiko. Alikuwepo Hudson Mwandawiro, mwalimu wa hesabu, mtu wa milimani, mpole, mwenye kuvaa tai hata Jumamosi. Na walikuwepo wengine watano sita waliokuja na kupotea. Sheria ilikuwa moja. Mtu mmoja anapendekeza santuri, wote wanasikiliza mwanzo hadi mwisho bila kufungua mdomo, kisha wanainua mikono. Ikipita, inaandikwa kwa chaki nyuma ya ule mlango wa kijani, namba yake na herufi ya kwanza ya jina la aliyeipendekeza. Juu kabisa Mwalimu Hudson alikuwa ameandika: USIFE KABLA HUJAZISIKIA.

Mpaka kufikia katikati ya mwaka tisini na saba mlango ulikuwa na santuri kumi na moja, na mbele ya zote kumi na moja palikuwa na herufi F. Santuri zote zilikuwa zake na mashine ilikuwa yake. Wengine wangependekeza nini?

Lakini wapenzi wapya walipokuja, kutoka Kishushe huko kwenye ranchi, au kutoka Taveta, walisimama mbele ya mlango ule, wakageuka, wakamuuliza yeye: "Fawaz, nianze na ipi?" Hapo ndipo maisha yake yalipokuwa matamu. Alijikuna kidevu. Alimtazama mtu kutoka miguuni hadi utosini, kama daktari. Kisha alimtajia namba. Mtu huyu hakuwahi kuwa na gari wala shamba, hakuwahi kuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Alikuwa na swali lile tu, na alilipenda kama wengine wanavyopenda cheo.

Alitaja namba, hakutaja jina. Na hapa ndipo panapofaa kusemwa kuhusu beseni.

Ujanani Fawaz alijifunza kazi Mombasa, kwa mpiga disko mmoja mwenye hila. Mtu yule alimfundisha kwamba santuri ikishafika mkononi mwako, kitu cha kwanza ni kuliua jina lake. Unaitia beseni lenye maji ya vuguvugu, pale katikati tu, unasubiri karatasi ilainike, unaikwangua kwa ukucha. Mpinzani akija kuchungulia haoni kitu, ataagiza nini? Fawaz alilishika somo hilo kuliko alivyoshika yale ya maalimu. Kila kifurushi kilipofika, beseni la vyombo la mkewe, Faiza, lilitoweka jikoni. Kabla ya kukwangua alinakili yote yaliyoandikwa kwenye karatasi katika daftari la shule, akalifungia ndani ya saraka ya meza. Hakulifungua tena isipokuwa kuongeza. Majina alikuwa nayo kichwani, na alifurahi kuwa hayakuwa kwenye kichwa kingine chochote mjini.

Namba Saba ndiyo iliyomjengea heshima. Ilifika mwaka tisini na tano, na siku hiyo Musyimi alikuwa tayari anagonga mlango, kwa hiyo Fawaz aliiharakisha: akanakili kilichokuwepo, ambacho kilikuwa kidogo sana, maandishi ya kalamu tu, akaitosa, akakwangua, akaipangusa na kikoi chake. Walipoiweka kwenye mashine, wote walinyamaza hata kabla sheria haijawataka. Haikuwa ikikimbia. Ilikuwa jungle inayotembea, imejaa, inayumbayumba kama tembo, na juu yake aliimba mwanamume mmoja wa sauti nzito, ya uchovu, inayotoka mbali. Hawakuelewa hata neno moja. Musyimi alisema mtu huyo lazima alikuwa mvutaji wa kiko. Mwalimu Hudson alisema ni mtu aliyefiwa. Tangu siku hiyo wakamwita Mzee.

"Hii London yenyewe hawana," Musyimi alisema. "Wallahi tena, Fawaz, hii ni yako peke yako duniani."

"Ninaisikia," alijibu Fawaz, kama aliyeitunga.

Basi Agosti ya tisini na saba akaja Mable Wakesho.

Mable alikuwa opereta wa simu, mzaliwa wa Kasigau, mwenye miaka ishirini na sita hivi. Aliingia dukani Jumamosi kuchukua kanda ya kwaya aliyomrekodishia mamake. Kikao kilikuwa kinasikiliza Namba Tatu. Alisimama kando ya kaunta na kichwa chake kikaanza kuitika, na Fawaz, aliyejua kila kona ya santuri ile, aliona kwamba kiliitika kabla ngoma haijabadilika, kama cha mtu anayejua njia. Ilipokwisha, Mable alitaja jina la santuri ile. Alilitaja kwa sauti ya kawaida, mbele ya watu wote, akaongeza na jina la aliyeitengeneza.

"Ati inaitwaje?" Musyimi akatafuta kalamu mfukoni.

Mable akarudia polepole ili aandike. Fawaz alijisikia kama mtu aliyevuliwa shati sokoni.

Ikajulikana alikoupata ujuzi. Miaka miwili nyuma vijana wa Kiingereza walikuwa wamekuja Kasigau kusaidia kujenga madarasa, na Mable ndiye aliyewatafsiria kwa miezi mitatu. Msichana mmoja alimwachia redio ndogo ya masikioni na boksi la viatu lililojaa kanda zilizorekodiwa kutoka stesheni za redio za magendo za London, na bado alimtumia nyingine kila alipoandika barua. Wenzake wa kijijini hawakuziweza. Yeye aliziweza siku ya kwanza.

"Sisi kwetu tumelala na kuamka na madebe," alisema, akicheka. "Tembo wakiingia shambani, kila nyumba inapiga lake, haraka haraka, mpaka watoke. Niliposikia ngoma hizi nikasema, kumbe hata hawa wana mahindi."

Mwalimu Hudson alicheka mpaka akalegeza tai. Akasogea kwenye benchi ili binti apate pa kukaa. Fawaz aliiona nafasi ile ikifunguka, akaichukia.

Wiki iliyofuata Mable alipendekeza ya kwanza, kutoka kanda. Mikono yote iliinuka. Wa Fawaz ulichelewa, lakini uliinuka pia, maana wimbo ulikuwa mzuri na masikio yake hayakujua kusema uongo hata moyo ulipotaka. Mwalimu akachukua chaki akaandika: 12, M. Fawaz aliitazama ile M jioni nzima. Ilikuwa imeandikwa kubwa kuliko F zake. Alipobaki peke yake alisogea akapima kwa kidole, na kweli ilikuwa kubwa kidogo.

Kisha ikaja mvua ile ya mwisho wa mwaka, ambayo kila mtu anaikumbuka. Barabara ya Mombasa ilikatika, malori yakalala Maungu siku kadhaa, na kifurushi cha Firdaus kikakwama kusikojulikana. Fawaz hakuwa na kipya. Mable alikuwa na boksi zima la viatu. Ikaja kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, zote M. Na kila moja alipopendekeza alieleza: hii ndiyo iliyoleta ile, huyu alijifunza kwa yule, ukitaka kuielewa hii sikiza ile kwanza. Alitoa majina kama mtu anayegawa njugu. Watu waliandika.

Siku moja Fawaz alikwenda posta kupiga simu. Kwenye dirisha la opereta alimkuta kijana wa Kishushe, yule yule ambaye Fawaz aliwahi kumpa Namba Mbili kwa mikono yake, ameinama anamuuliza Mable: "Sista, kuna rafiki yangu anataka kuingia kwa hii maneno ya jungle. Aanze na ipi?"

Fawaz aligeuka akaondoka bila kupiga simu. Alimwonea wivu Mable, wivu mtupu usio na jina lingine, na njia nzima mpaka dukani alikuwa akimjibu yule kijana moyoni, jibu zuri, kamili, ambalo hakuna aliyemwomba.

Nyumbani alimwambia Faiza kwamba yule binti wa simu hajui kitu, anasoma tu majina kwenye barua.

"Kama hajui kitu, mbona umemtaja mara nne na wali haujapoa?" alisema Faiza.

Alibaki na Saba. Hilo ndilo lililomlaza usingizi. Kati ya zote za Mable hapakuwa na hata moja iliyokaribia Saba, na Mzee hakuwa kwenye boksi la viatu la mtu yeyote. Alipompigia Mable santuri hiyo mara ya kwanza, mnamo Septemba, binti alisikiliza hadi mwisho, akaitazama mashine, akamtazama Fawaz, akatabasamu kidogo. Hakusema jina. Fawaz alilichukua tabasamu lile kuwa ni kushindwa, akalihifadhi.

Alhamisi moja ya Desemba Mable alipita dukani kabla ya zamu yake, akaweka kanda moja kwenye kaunta.

"Kaka Fawaz, naomba unitolee nakala mbili, ya Mwalimu na ya Musyimi. Ninayo hii moja tu. Lakini sikiza wewe kwanza, upande wa pili. Sikiza peke yako kabla ya Jumamosi."

"Nisikize nini?"

"We sikiza tu," alisema, akaenda zake.

Yaani sasa ananipa na kazi ya kufanya nyumbani, Fawaz alijisemea. Kanda ile alitaka kuiacha pale pale. Lakini kesho yake, Ijumaa, aliporudi msikitini na duka bado limefungwa, aliitia kwenye mashine, upande wa pili, akakaa na kikombe cha chai.

Wimbo wa tatu ulianza kwa ngoma asizozijua. Kisha ikaingia besi, na kikombe kikasimama njiani. Besi ile aliijua. Ilikuwa inakwenda haraka kuliko alivyoizoea, nyepesi, imechangamka, lakini kila mpindo wake ulikuwa pale pale. Na juu yake akaimba msichana. Sauti changa, angavu, yenye furaha mpaka inakatika pumzi. Fawaz alisikiliza mpaka kwenye mkwaruzo mdogo wa kinanda baada ya ubeti wa pili, ule aliowaonyesha watu kwa kidole miaka miwili, na mkwaruzo ukaja.

Ilikuwa Namba Saba. Msichana ndiye Mzee.

Mashine ya santuri ina swichi ya mwendo: thelathini na tatu, au arobaini na tano. Santuri huandikwa kwenye karatasi ya katikati mwendo wake ni upi. Sita za kwanza za Fawaz zilikuwa za thelathini na tatu, na hiyo ya saba, iliyokuwa ya arobaini na tano, aliiweka hapo hapo ilipolala swichi, kwa sababu karatasi ya kumwambia alikuwa ameshaikwangua ndani ya beseni la vyombo. Miaka miwili na zaidi alikuwa amewapigia watu wimbo unaokokotwa. Aliwafundisha kuulilia. Alikuwa ametuma nakala zake mpaka Taveta.

Aliona Jumamosi itakavyokuwa. Aliona Musyimi akijipiga mapaja. Aliona Mwalimu akichukua kitambaa, akifuta F kwenye namba saba, namba yake bora, na kuweka M. Aliona watu wakimuuliza Mable kwa miaka kumi ijayo, waanze na ipi, na yeye Fawaz akirekodi kwaya.

Kanda ya Mable ilikuwa imevunjwa vile vijimeno viwili vya nyuma, kinga dhidi ya kurekodiwa juu yake. Kila mrekodi anajua dawa yake. Fawaz aliliburuta lile daftari kutoka kwenye saraka, akachana kona ya karatasi ya mwisho, akaikunja vipande viwili vidogo, akaviziba vile vitundu. Akairudisha kanda mwanzo wa upande wa pili. Mashine ya kulishia, ile inayotoa sauti ya kunakiliwa, aliiacha tupu. Akabonyeza kurekodi.

Kurekodi kimya kunachukua muda sawasawa na kurekodi muziki. Alikaa pale dakika arobaini na ushei, akitazama mishale miwili ya mashine ikiwa imelala chini. Faiza alichungulia kutoka nyuma ya duka, kulikokuwa nyumba yao.

"Na ile sauti ya yule msichana?" aliuliza. "Nimeisikia nikiwa jikoni. Katika makelele yako yote, hiyo ndiyo ya kwanza niliyoipenda. Mbona umeizima?"

"Naisafisha," alisema Fawaz, bila kugeuka.

Jumamosi kikao kilijaa. Mable alifika mapema, na kabla hajakaa Fawaz alimpa kanda yake ndani ya bahasha.

"Mashine imeila," alisema. "Upande wa pili. Nisamehe, imezeeka. Nakala sikuwahi kutoa."

Mable aliishika bahasha. "Uliisikia kabla haijaliwa?"

"Sikuisikia."

Binti akainamia kaunta, akashusha sauti ili wa kwenye benchi wasisikie. "Pole. Nilitaka uisikie wewe kwanza, na sababu ni hii. Nilijua tangu Septemba, ile siku ulinipigia Saba. Ni mwendo tu, iko chini. Sikutaka nikuambie mbele ya watu. Nikamwandikia rafiki yangu aitafute, nikasema ukiisikia peke yako utajua, na Jumamosi utawaambia wewe mwenyewe umeigundua. Ibaki na F yako." Akaitia bahasha mkobani. "Lakini haidhuru. Bila hii hakuna atakayejua. Wanampenda Mzee, waache nao."

Akawaaga wote, akisema amebadilishiwa zamu, akatoka.

Usidhani kilichofuata kilikuwa toba. Fawaz alisimama pale na kitu kilichomjaa kilikuwa kile kile cha miezi minne, ila sasa kilikuwa kikali zaidi. Ujuzi wa Mable aliweza kuuvumilia. Wema wake ulimshinda. Miezi mitatu binti huyu alikuwa amelibeba neno moja ambalo lingemfanya mkubwa mbele ya watu wote, akalitafuna na kulimeza. Yeye, Fawaz, asingeweza kulibeba mpaka mlangoni. Hakustahimili kuwa mtu mdogo kuliko Mable hata katika hilo.

Alikwenda kwenye rafu akaitoa Namba Saba. Akaiweka. Akasogeza swichi hadi arobaini na tano, akashusha sindano.

Wakaisikiliza mpaka mwisho. Kisha Musyimi akasema, "Huyu msichana ni mkali. Ni nani?"

"Huyo ndiye Mzee," alisema Fawaz.

Ilichukua muda kuingia. Mwalimu Hudson ndiye wa kwanza aliyeelewa. Akahesabu kwa vidole, akavua miwani. "Thelathini na tatu kwa arobaini na tano," alisema. "Jamani, tumemzeesha mtoto wa watu kwa zaidi ya robo." Musyimi akashuka kwenye benchi akakaa chini kabisa, anacheka, anafuta machozi kwa ule mkono wa mafuta, na duka zima likamfuata.

"Sikuwa na la kufanya," Fawaz alisema juu ya kicheko. "Karatasi yake haikuwa na kitu. Tupu. Hata mtu wa London angekosea." Wakakubali; karatasi ikiwa tupu mtu afanye nini? Hilo alilishika kwa mikono miwili. Kisha, kabla hajajizuia, akaongeza: "Na aliyegundua ni Mable." Akachukua chaki mwenyewe. Akafuta F ya saba kwa kiganja, akaandika M, na Mungu anamwona, aliiandika ndogo.

Walipoondoka ndipo alipokumbuka vile vipande vya karatasi. Kanda iliyoliwa na mashine hutoka imekunjamana kama utumbo wa kuku. Kanda ya Mable ilikuwa imenyooka, laini, yenye kimya kutoka mwanzo hadi mwisho, na katika vitundu vyake viwili alikuwa ameacha karatasi ya daftari lake, yenye mistari ya buluu. Opereta wa simu, mtu anayeishi kwa masikio, angehitaji dakika moja tu.

Wiki ile Fawaz hakula vizuri. Kila mlango ulipofunguka aliinua kichwa. Alitunga uongo wa aina tatu, akautupa wote.

Jumamosi Mable alikuja saa tisa kamili. Mwalimu alisogea. Kabla ya kukaa, binti alipita kaunta, akafungua kiganja, akaweka vipande viwili vya karatasi vilivyokunjwa, vidogo kama punje za mahindi.

"Vyako hivi, Kaka Fawaz," alisema. Kisha akaenda akakaa, akawauliza wenzake, "Leo ni zamu ya nani kupendekeza?"

Musyimi akasema kwanza apewe hongera, maana Mzee wetu umemfanya msichana, tazama mlangoni. Mable akautazama mlango. Akaiona M ile ndogo. Akamtazama Fawaz kwa muda, na Fawaz hakuwa na pa kuyaweka macho yake.

Hakujua la kufanya, akafanya lile alilokuwa na uwezo nalo. Akafungua saraka, akatoa daftari, lile lililochanika kona ya mwisho, akaliweka mapajani mwa Mable.

"Majina yote yamo," alisema. "Wasomee. Waandike."

Benchi zima lilitoa kalamu. Mable akafungua ukurasa wa kwanza akaanza kusoma: ya kwanza inaitwaje, nani aliitengeneza, mwendo gani, ya pili, ya tatu. Alisoma vizuri, alikata maneno ya Kiingereza yakaingia masikioni yamenyooka, na Fawaz, akiwa amesimama nyuma yake, aliumia kwa kila jina lililotoka, kama anayetazama kuku wake wakifunguliwa bandani mmoja mmoja. Akafika ya saba.

Akaurudia mstari kwa macho. Fawaz akachungulia juu ya bega lake. Kwenye mstari wa saba, kwa mwandiko wake mwenyewe ule mzuri, ulioharakishwa kidogo kwa sababu Musyimi alikuwa akigonga mlango, palikuwa pameandikwa: *Haina jina. 45.*

Ile 45 alikuwa ameinakili mwenyewe siku ile ile. Aliidhania namba ya kabati la muuzaji, akaifungia ndani ya saraka ili mtu yeyote asiipate, na hata yeye hakuipata.

Mable akasogeza kidole gumba taratibu, akakiweka juu ya ile namba.

"Ya saba," aliwasomea, "haina jina." Akaruka mstari. "Ya nane."

Kalamu zikaendelea kuandika. Hakuna aliyeinua kichwa. Fawaz alibaki amesimama nyuma ya benchi akikitazama kile kidole, na hata hicho alimwonea wivu.